Pikapu ya Umeme: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua, Kuchaji na Kuvuta Trela

Kwa familia nyingi nchini Kenya, pikapu ni chombo cha riziki. Alfajiri hubeba maziwa, mchana hubeba mbolea na saruji, na siku ya soko huvuta trela yenye mifugo. Aghalabu hununuliwa kwa mkopo, na mkopo huo hulipwa kwa kazi ya gari lenyewe. Kwa hiyo mnunuzi anayefikiria kuacha dizeli na kuchukua pikapu ya umeme ana swali zito kuliko la mtu anayetafuta gari dogo la kwendea ofisini: je, gari hili litaifanya kazi yangu kila wiki, kwa miaka yote ya mkopo?

Pikapu za umeme bado ni chache katika barabara zetu, na matangazo yake yamewatangulia watumiaji. Katika sura hii tunaeleza namna betri inavyopimwa, jinsi trela na milima vinavyopunguza umbali, matayarisho ya kuchaji nyumbani, na maswali ambayo muuzaji anapaswa kuyajibu kwa maandishi. Ushauri wetu mkuu ni huu: ipime pikapu ya umeme kwa safari yako iliyo nzito na ndefu kuliko zote, wala si kwa umbali ulioandikwa katika tangazo.

Yuniti, kilowati na ukubwa wa betri

Yuniti moja ya umeme, ile ambayo mteja huinunua kwa tokeni, ndiyo kilowati-saa moja. Betri ya gari hupimwa kwa kipimo hicho hicho, kama vile tangi la dizeli linavyopimwa kwa lita. Kilowati, kwa upande wake, hupima kasi ya umeme kuingia au kutoka, mfano wa upana wa mpira unaojaza tangi la maji. Chaja ya kilowati 7 ikifanya kazi kwa saa moja hutoa yuniti 7.

Tuchukue magari mawili kama mifano. Ford F-150 Lightning, iliyoanza kuwafikia wanunuzi nchini Marekani mwaka 2022, ilitolewa na betri ya hadi yuniti 131 na umbali rasmi wa takriban kilomita 515 kwa chaji moja. Isuzu D-Max ya umeme, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Bangkok mwaka 2024, ina betri ya yuniti 66.9 na umbali wa kilomita 263 kwa kipimo cha Ulaya. Ukigawanya, utaona kwamba magari yote mawili hutumia takriban yuniti 25 kwa kila kilomita 100. Hiyo ni namba nzuri ya kuanzia hesabu.

Gari la kwanza tunalitaja kama mfano tu, kwa kuwa limejaribiwa sana likivuta trela. Limetengenezwa kwa usukani wa kushoto pekee, na kwa kawaida magari ya namna hiyo hayasajiliwi nchini Kenya. Mnunuzi akishawishiwa kuagiza gari kama hilo kwa bei nafuu, ajue kwamba huenda likakwama bandarini.

Kwa nini trela hula nusu ya umbali

Umbali rasmi hupimwa gari likiwa halina trela. Waandishi wa magari nchini Marekani walipoifunga Lightning trela kubwa za kulala, walikuta umbali wake ukipungua kwa nusu, na mara nyingine zaidi ya nusu. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni uzito: magurudumu zaidi yanasuguana na barabara, na kila gari linapoanza mwendo sharti litoe nguvu ya kuusukuma mzigo wote. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni upepo. Trela ndefu yenye kuta ni sawa na ukuta unaosukumwa dhidi ya hewa. Trela tupu ya mifugo iliyo na paa yaweza kula umeme zaidi kuliko trela fupi iliyobeba mawe.

Mwendo nao huongeza hasara hiyo. Dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa na kufika 100 huongeza ukinzani wa hewa kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza umbali ni kupunguza mwendo.

Mwenye pikapu ya dizeli atasema kwamba gari lake pia hunywa zaidi linapovuta trela. Ni kweli. Hata hivyo, tangi la lita 80 lina nishati ya takriban yuniti 800. Injini hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto, lakini akiba iliyobaki ni kubwa, na tangi hujazwa kwa dakika tano. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana, lakini betri yake hubeba akiba ndogo, na kuijaza huchukua muda. Ndiyo sababu mzigo ule ule unaompunguzia mwenye dizeli kilomita kadhaa bila yeye kutambua, humlazimu mwenye umeme kupanga safari yake upya.

Kwa matumizi ya kawaida tunapendekeza kanuni hii: chukua umbali rasmi, ugawanye kwa mbili ikiwa utavuta trela kubwa, kisha uondoe asilimia 20 kama akiba. Kwa gari la kilomita 263, nusu yake ni takriban 130, na ukiondoa akiba unabaki na kilomita 105 hivi. Mfugaji aliye kilomita 40 kutoka sokoni ataenda na kurudi bila wasiwasi. Aliye kilomita 70 itambidi achaji sokoni, la sivyo gari hilo halimfai kwa kazi hiyo.

Mlima na mteremko

Nchi yetu ina milima, na mlima hudai malipo yake yenyewe juu ya yale ya umbali. Kupandisha gari na trela vyenye jumla ya tani 5 hadi kimo cha mita 1,700 huhitaji takriban yuniti 23, kabla ya kuhesabu upotevu wowote. Hicho ndicho kimo cha Nairobi juu ya usawa wa bahari, kwa makadirio.

Hebu basi tupige hesabu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi, yenye zaidi ya kilomita 480. Kwa yuniti 50 hivi kwa kila kilomita 100, safari yenyewe itahitaji yuniti 240. Ongeza za mlima, nazo hufika karibu 265. Hata betri mbili kubwa za yuniti 131 zisingetosha. Dereva wa namna hiyo sharti apange kuchaji zaidi ya mara moja njiani. Na afikapo Mtito Andei, karibu na nusu ya safari, akumbuke kwamba sehemu kubwa ya mlima bado iko mbele yake.

Mteremko hurudisha sehemu ya kilichotumika. Dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo wa gari na kurudisha umeme katika betri. Jambo la kuangalia ni kwamba betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme huo. Mtu aliyejaza betri hadi asilimia 100 huko Limuru, kisha akashuka kuelekea Mai Mahiu akiwa na trela nzito, ataikosa breki hiyo ya mota mwanzoni mwa mteremko, na breki za kawaida zitapata moto haraka. Mwenye kuishi juu ya mlima heri aishie kwenye asilimia 80 au 90, kisha ashuke kwa mwendo wa polepole.

Kuchaji nyumbani

Kwa watumiaji wengi, kuchaji usiku nyumbani au penye biashara ndiko kutakakofanya gari la umeme liwe na faida. Kwa hiyo tunashauri umeme wa nyumba ukaguliwe kabla gari halijalipiwa.

Soketi ya kawaida ya pini tatu, kwa waya wa kuchajia wa ampea 10, hutoa takriban kilowati 2.4. Kwa saa 10 za usiku utapata yuniti 24 kwenye mita, na baada ya upotevu wa kuchaji, kama yuniti 22 ndani ya betri. Hizo ni kilomita 85 hivi bila trela, au kama 40 ukiwa na trela. Kujaza betri ya yuniti 66.9 kutoka sifuri kwa njia hiyo kungechukua zaidi ya saa 28. Soketi ya kawaida, basi, yafaa kwa mtu wa safari fupi tu. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 hutoa kwa saa zile zile 10 yuniti 70 kwenye mita, kiasi kinachokaribia kuijaza betri hiyo.

Usalama hapa si jambo la kujaribia. Soketi hupasha maji ya chai kwa dakika chache, lakini gari huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, na kiungo kilicholegea huweza kuyeyuka au kushika moto. Tunasisitiza mambo haya:

- Kazi yote ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA). Omba kuiona leseni hiyo.
- Chaja iwe na waya wake pekee kutoka kwenye swichi kuu, wenye unene unaotosha, pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja.
- Fundi apime kama waya wa kutuliza umeme ardhini unafanya kazi. Nyumba nyingi za zamani zina waya huo kwa jina tu.
- Usitumie ekstensheni kuchajia gari, wala kuunganisha plagi juu ya plagi.
- Katika juma la kwanza, gusa plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ni moto kiasi cha kuuondoa mkono, zima umeme na umwite fundi.
- Mpangaji apate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikieleza nani analipia mita na nani atabaki na chaja atakapohama.

Tangu Aprili 2023, orodha ya bei za umeme nchini ina daraja maalumu la kuchajia magari, ambalo bei yake ya nishati katika saa za matumizi madogo ni nusu ya bei ya saa nyingine. Muulize msambazaji wako wa umeme masharti ya kujiunga na daraja hilo, ikiwa ni pamoja na kama utahitaji mita ya pili.

Hali kadhalika, umeme hukatika. Mwenye kazi ya alfajiri asingoje betri ifike asilimia 10 ndipo achomeke. Kwa siku za kawaida, watengenezaji wengi hushauri betri ibaki kati ya asilimia 20 na 80, na ijazwe kabisa tu kabla ya safari ndefu. Ziko betri za aina nyingine ambazo hutakiwa kujazwa mara kwa mara. Fuata kitabu cha gari lako.

Kuchaji safarini

Vituo vya chaji ya kasi huweza kuitoa betri kwenye asilimia 10 au 15 hadi 80 kwa muda usiofika saa moja, ikiwa kituo kina nguvu ya kutosha na gari linaweza kuipokea. Baada ya asilimia 80 kasi hupungua sana, ili kuilinda betri. Kwa hiyo katika safari ndefu ni afadhali kusimama mara mbili kwa muda mfupi kuliko kungoja mara moja hadi ijae.

Plagi hazifanani. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia plagi ya CCS2, mengi ya China hutumia GB/T, na baadhi ya Japani hutumia CHAdeMO. Kabla ya kununua, orodhesha vituo vilivyo katika njia yako ya kila wiki, uvipigie simu, na uulize mambo matatu: plagi ya aina gani, kilowati ngapi, na saa za kazi.

Mwenye trela ana tatizo moja zaidi. Vituo vingi hujengwa kwa magari yanayoegesha kama kwenye maduka, hivyo trela itaziba njia. Itakubidi uifungue, uiache mahali salama, uchaji, kisha uifunge tena. Hesabu muda huo, na uwe na mtu wa kulinda mzigo.

Uzito na usalama

Uwezo wa kuvuta ulioandikwa katika kitabu ndio mwisho wa ruhusa. Mota ya umeme ina nguvu nyingi tangu gurudumu la kwanza, kwa hiyo mzigo uliozidi hautamchosha dereva kama katika dizeli. Huo ndio mtego wenyewe: gari litaondoka vizuri, lakini breki, magurudumu na kiungo cha trela havikutengenezwa kwa uzito huo. Trela nzito iwe na breki zake, na uhakikishe kwamba leseni yako ya udereva na bima ya gari vinaruhusu kuvuta trela.

Pikapu yenye uwezo wa kuvuta tani 3.5 haiwezi kubeba hizo tani 3.5 mgongoni. Zaidi ya hayo, mkono wa trela huegemea gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wa trela. Trela ya tani 2 itaweka kilo 200 juu ya pikapu. Ikiwa uwezo wake wa kubeba ni kilo 1,000, na ndani mna abiria watatu wenye jumla ya kilo 210, mzigo wa nyuma usizidi kilo 590.

Gari la umeme likiharibika njiani, lisivutwe kwa kamba kama tulivyozoea. Magurudumu yanayozunguka huzungusha mota, na mota huzalisha umeme unaoweza kuharibu mitambo. Lipandishwe juu ya lori. Iulize kampuni ya bima kama gharama hiyo imo katika mkataba.

Baadhi ya pikapu za umeme zina soketi za kuendeshea mashine, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwa mafundi na wakati umeme unapokatika. Kamwe usiunganishe gari na nyaya za nyumba kwa kuchomeka waya katika soketi ya ukutani. Umeme huo waweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi aliye kazini. Muunganisho wa nyumba hufanywa kwa swichi maalumu ya kubadilishia, na fundi mwenye leseni.

Gharama: piga hesabu mwenyewe

Hesabu haihitaji mtaalamu. Tuseme gari lako huenda kilomita 1,500 kwa mwezi, na 500 kati ya hizo ni za trela. Kilomita 1,000 bila trela zitahitaji yuniti 250. Kilomita 500 za trela, kwa matumizi mara mbili, zitahitaji 250 nyingine. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya upotevu wa kuchaji, upate yuniti 550. Zidisha kwa bei ya yuniti katika bili yako, kisha linganisha na risiti zako za dizeli za mwezi mmoja. Yuniti za chaja ya kasi ziweke peke yake, kwa bei ya kituo husika.

Upande wa akiba, hakuna oili ya injini ya kubadilisha, na breki hudumu zaidi. Upande wa matumizi, gari ni zito na hula matairi, chaja ya ukutani ina gharama yake, na bima yaweza kuwa ya juu. Faida au hasara ya kila mwezi ilinganishwe na tofauti ya bei ya ununuzi pamoja na riba ya mkopo.

Maswali ya kujibiwa kwa maandishi

Kabla ya kutia sahihi, mtake muuzaji ajibu yafuatayo kwenye karatasi yenye jina la biashara yake:

- Umbali uliotangazwa ulipimwa kwa kipimo gani, na gari likiwa na mzigo gani?
- Gari linaruhusiwa kuvuta uzito gani, kwa trela yenye breki na isiyo na breki?
- Dhamana ya betri ni ya miaka na kilomita ngapi, na inalinda kiwango gani cha uwezo? Dhamana nyingi za kimataifa ni za miaka 8 au kilomita 160,000, zikiahidi asilimia 70 ya uwezo wa awali.
- Dhamana hiyo inatumika nchini Kenya? Nani ataitekeleza, na katika karakana ipi?
- Kuvuta trela au kubeba mizigo ya biashara kunaathiri dhamana?
- Ikiwa gari limetumika, ripoti ya hali ya betri iko wapi? Limetimiza sharti la kutozidi miaka 8?
- Plagi yake ni ya aina gani, na programu zake zinatumia lugha unayoielewa?

Muuzaji aliye na jibu zuri hataogopa kuliandika. Akikataa, una sababu ya kutosha kusubiri. Pia omba kulijaribu gari likiwa na trela yako mwenyewe, katika njia yako mwenyewe, na uandike asilimia ya betri mwanzoni na mwishoni.

Haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na taarifa anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo ni vigumu kuithibitisha. Kwa hiyo hifadhi tangazo, majibu ya maandishi, risiti na kumbukumbu zako za safari.

Kwa mtu anayelala nyumbani kila siku, mwenye umeme wa kuaminika na safari zinazojulikana, pikapu ya umeme inaweza kuwa chombo chema cha kazi. Kwa anayevuta mizigo mizito kutoka mji hadi mji, huenda dizeli ikaendelea kumfaa hadi vituo viongezeke. Risiti zako za mwezi mmoja na kilomita ulizoziandika ndizo zitakazokuonesha uko upande gani.